Edmund Alichelewa Kusema

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Majengo, hapa hapa Moshi. Kikundi chetu kinaandaa Mfalme Lear ya Shakespeare kwa Kiswahili, tafsiri tumeifanya wenyewe, na mimi nimepewa nafasi ya Edmund, mtoto wa nje wa mzee Gloucester. Muongozaji anataka pale mwishoni nipige magoti na kulia ili watazamaji wanihurumie, maana anasema Edmund ametubu. Mwenzangu anayecheza Edgar, kaka yake wa ndoa, anasema mtu aliyemuuza baba yake mzazi hana toba, nife kama mbwa na mambo yaishe. Mwalimu, Edmund anastahili huruma? Toba yake ni ya kweli? Na mimi nimcheze vipi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni sana. Shakespeare tumemzoea kwa Kiswahili tangu Mwalimu Nyerere alipotoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Ila Lear ni mzigo mwingine kabisa, na nimefurahi kusikia kuna vijana wa mji huu wameubeba.

Nitawakatalia wote wawili, muongozaji wako na Edgar wako, ingawa kila mmoja ameona kipande cha ukweli. Huruma Edmund anastahili. Toba pia anayo. Asichokuwa nacho ni muda, na muda huo hakuna aliyemnyang'anya. Aliumaliza mwenyewe, amelala pale chini na jeraha lake, anasikiliza habari za watu. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote utakayocheza usiku ule.

Lakini tuanze mbali kidogo, mahali ambapo waigizaji wengi wa Edmund hupita wakikimbia. Mchezo unafunguliwa na wazee wawili, Gloucester baba yako na Kent, mtu mwaminifu wa Mfalme Lear, wakizungumza habari za ufalme. Pembeni amesimama kijana. Kent anauliza: huyu si mwanao, bwana? Gloucester anajibu kwa ucheshi wa mzee aliyeshiba. Anasema malezi ya kijana yalikuwa juu yake. Anasema zamani aliona haya kumkiri, siku hizi uso umeshakuwa mkavu. Anasema mama yake alikuwa mzuri na kazi ya kumtengeneza ilikuwa tamu, kwa hiyo mtoto wa kahaba hana budi kutambuliwa. Yote hayo yanasemwa mbele ya kijana mwenyewe, mgeni akisikia na kutabasamu. Kisha baba anaongeza kwamba kijana amekaa nje miaka 9, na ataondoka tena.

Wewe hapo una mistari mitatu mifupi, yote ya adabu. Hapana, bwana wangu. Niko tayari kukutumikia. Nitajitahidi nistahili. Basi. Huruma yote unayoihitaji ipo hapo, na haitapatikana tena kwa bei rahisi namna hiyo. Usikunje uso, usimtazame baba kwa jicho la kisasi, usiwadokezee watazamaji kwamba mbele kuna jambo. Simama kama anavyosimama mtoto wa nje kwenye kikao cha ukoo: anatumwa kuleta viti, anavileta, halafu hajui kama kimoja ni chake.

Sisi wa huku hatuhitaji kueleweshwa hili kwa kirefu. Tumekulia kwenye vihamba, mashamba yetu ya ukoo, tunajua kipande cha migomba na kahawa kinavyoweza kupasua nyumba moja ikawa mbili zisizosalimiana. Tunajua nafasi ya mtoto wa kwanza, tunajua nafasi ya kitinda mimba anayebaki na nyumba ya wazazi, na tunajua ukimya unaoingia sebuleni pale kijana asiyejulikana na wengi anapotokea msibani na sura ya marehemu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kubaguliwa kwa sababu ya kuzaliwa kwake, na ni sheria nzuri. Lakini sheria haikai jikoni usiku ule shangazi wanapohesabu watoto wa marehemu kwa vidole.

Sasa tazama onyesho la pili, ule uzungumzi nafsia wake, anapojisemea peke yake jukwaani. Analirudia neno mwanaharamu mara nyingi mpaka linaanza kupoteza maana, kama mtu anayeonja kitu kichungu kuhakikisha ni kichungu kweli. Anauliza kwa nini aitwe duni wakati mwili wake umekamilika na akili yake ni timamu, eti kwa sababu amezaliwa miezi 12 au 14 nyuma ya kaka yake. Halafu anasema: basi, Edgar wa ndoa, ardhi yako sina budi kuipata. Umeona? Ardhi. Na anakiri hapo hapo kwamba baba anawapenda sawa, jambo ambalo Gloucester naye alikwisha kulisema kwa Kent. Mapenzi yapo, kwa maneno. Ardhi ndiyo iliyokwisha kuamuliwa kabla kijana hajazaliwa. Ukilisema lile neno "ardhi" mbele ya watu wa Moshi, usilikazie. Litajikazia lenyewe.

Hapo watazamaji watakuwa upande wako, na mimi nakushauri ukubali wawe upande wako. Usiwafukuze mapema kwa kucheka cheko la shetani. Wakupende, kisha wakutazame ukighushi barua ya kumsingizia kaka yako. Wakutazame ukijikata mkono mwenyewe ili damu iwe ushahidi. Wakutazame ukimpelekea Cornwall, mkwe wa Lear, barua ya siri ya baba yako, huku unajua malipo yake ni cheo cha baba huyo huyo. Waliomsoma bepari Myahudi wa Venisi kwa Kiswahili wanajua hali hii, kumhurumia mtu na kukiogopa kisu chake kwa wakati mmoja. Hapa inakwenda mbali zaidi, kwa sababu kisu kinafika kwenye nyama.

Edgar wako anaposema umemuuza baba, anafikiria onyesho la saba la sehemu ya tatu, Gloucester anapofungwa kwenye kiti na kutobolewa macho. Wewe humo haumo. Cornwall anakuambia uondoke, ufuatane na Goneril, binti mkubwa wa Lear, kwa sababu yatakayomfikia baba yako hayafai macho yako kuyaona. Nawe unaondoka. Hakuna mstari wa kuaga, hakuna swali. Nimeona waongozaji wakimpa Edmund hapo kusitasita mlangoni, kugeuka, kumeza mate. Mimi siafiki. Ondoka kama mtu aliyetumwa kazi.

Humo ndani, baada ya wewe kutoka, kuna mtu ninayetaka umjue vizuri kuliko unavyomjua Lear mwenyewe. Ni mtumishi wa Cornwall, hana hata jina. Jicho la kwanza likishatolewa, anamwambia bwana wake asimamishe mkono. Anasema amemtumikia tangu utotoni, lakini utumishi bora kuliko wote ni huu wa sasa wa kumwambia acha. Wanapigana. Cornwall anapata jeraha litakalomuua, na Regan, mkewe na binti wa pili wa Lear, anamchoma mtumishi yule kwa nyuma, anakufa pale pale, wanaamuru maiti yake itupwe jalalani. Na jicho la pili linatolewa vile vile! Katika chapa ya kwanza ya mchezo, ya mwaka 1608, wanabaki watumishi wengine wawili, wanatafuta kitani na ute wa yai wa kumpaka mzee usoni. Mimi nikifika kwenye ute wa yai huwa nasimama kusoma kwa muda. Watu wasio na jina, wasio na ardhi, waliokulia kwenye nyumba ya ukatili, wanajua la kufanya na wanalifanya dakika ile ile.

Mtumishi yule ndiye kipimo cha Edmund. Naye alizaliwa chini, chini kuliko Edmund. Hakungoja afe kwanza ndipo aone.

Sasa twende mwishoni, maana ndipo ulipouliza.

Umeshatoa amri Cordelia, binti mdogo wa Lear, auawe gerezani. Si kuuawa tu: anyongwe, halafu isemwe amejinyonga kwa kukata tamaa. Amri ipo mkononi mwa kapteni, ameshaondoka nayo. Kisha anakuja mtu aliyefunika uso, mnapigana, anakuangusha. Ukiwa chini unakiri mashtaka yote, tena unasema umefanya na mengine zaidi, muda utayaleta. Unamuuliza aliyekupiga ni nani: kama ni mtu wa ukoo bora, unamsamehe. Sikiliza hilo neno, mwanangu. Anakufa, na bado kipimo chake ni kuzaliwa. Yule anafunua uso, ni Edgar, anasema tusameheane, mimi kwa damu si mdogo kuliko wewe. Nawe unajibu kwamba gurudumu limezunguka duara zima, nipo hapa.

Halafu Edgar anasimulia kifo cha baba yenu. Jinsi alivyomwongoza akiwa kipofu, akamwombea chakula, akamficha asimjue, mpaka saa ya mwisho alipojitambulisha na kuomba baraka, na moyo wa mzee, uliovutwa huku na furaha na kule na huzuni, ukapasuka huku anatabasamu. Wewe unasikia habari za kifo cha baba yako kwa mara ya kwanza. Jina lako halimo katika saa yake ya mwisho. Baraka zimekwenda kwa mwingine.

Unasema hivi: maneno yako yamenigusa, na huenda yakaleta jema, lakini endelea, unaonekana una zaidi ya kueleza.

Endelea! Kuna binti gerezani ana kamba shingoni, na mtu pekee anayejua anasema endelea. Edgar anaendelea, anasimulia habari za Kent. Mtu anaingia mbio na kisu chenye damu: Goneril amejiua, Regan amekufa kwa sumu aliyopewa na dada yake. Wewe unasema uliwaahidi ndoa wote wawili, sasa watatu mnaoana kwa mara moja. Kent anaingia, anamtafuta mfalme. Ndipo Albany, mume wa Goneril, anashtuka: jambo kubwa tumelisahau! Anakugeukia wewe kwa jina: sema, Edmund, mfalme yuko wapi, na Cordelia yuko wapi? Umeulizwa waziwazi mbele ya watu. Maiti za wale dada zinaletwa, unazitazama, na maneno yanayotoka kinywani mwako ni haya: hata hivyo, Edmund alipendwa.

Baada ya hapo tu ndipo unasema unahema utafute uhai, kuna jema unataka kulifanya hata kama si asili yako, tumeni mtu upesi ngomeni.

Nimeusoma ukurasa huo kwa miaka mingi, na nimefundisha vijana wengi wa kidato cha tano na cha sita wanaoulizana kama wewe unavyouliza. Naamini toba yake ni ya kweli. Hana cha kupata. Hakuna atakayemwachilia, hakuna atakayemtibu, mbingu hajaitaja. Mlinganishe na Claudius katika Hamlet, anayepiga magoti kuomba na kujiuliza kama mtu anaweza kusamehewa huku akiendelea kushikilia alichokiiba. Anajua jibu, anainuka na taji lake kichwani. Iago katika Othello ndiyo kabisa, anafunga mdomo na kusema hatatamka neno tena. Edmund peke yake kati ya hao anajaribu kurudisha kitu. Huyo Edgar wako anayetaka ufe kama mbwa hajakaa na jambo hili vya kutosha.

Lakini chanzo cha toba yenyewe ndicho kinachoniumiza. Kifo cha baba kilimgusa, hakikumsukuma. Kilichomsukuma ni maiti mbili za wanawake, mmoja akimuua mwenzake kisha akajiua, kwa ajili yake. Kijana aliyeambiwa mbele ya mgeni kwamba hana budi kutambuliwa, anapata ushahidi wa kwanza anaouamini kwamba kuna mtu alimtaka, na ushahidi huo umelala sakafuni na damu. Akishajua alipendwa, ndipo anaweza kutenda jema. Mpangilio huo wa mistari sidhani ni wa bahati. Na muda ambao moyo wake ulihitaji kufika hapo ulilipwa na mtu mwingine.

Nitakusimulia jambo la kwetu, kwa sababu ndilo linalonisaidia kuielewa sehemu inayofuata. Baba yangu mdogo, huko Kibosho, aliwahi kung'oa masale, ile mimea tunayopanda mpakani, usiku na kuyapanda upya hatua chache ndani ya kihamba cha kaka yake. Walikaa miaka bila kuulizana hali. Kaka alipougua sana, baba mdogo alisema kwa watu wengi kwamba ameguswa, kwamba atakwenda. Alisema baada ya kanisa, alisema sokoni, alisema tukichuma kahawa. Alipofika na jani la isale mkononi, kama mila inavyotaka mkosaji aje, mgonjwa alikuwa amekwisha kukata roho usiku wa kuamkia siku hiyo. Mmea ni ule ule, ndio unaoonyesha mpaka, ndio unaoomba msamaha, na anayepelekewa isale kwa kweli hapaswi kukataa. Ila lazima awepo wa kulipokea. Baba mdogo alilia kwa dhati. Sijawahi kumwona mtu akilia vile. Mpaka ulirudishwa, na bado kila mtu alijua kuna kitu hakikurudi.

Sasa rudi jukwaani. Edmund akishasema tumeni mtu, Albany anapiga kelele kimbieni, na Edgar, ambaye ana akili ya kazi, anauliza: kwa nani? Nani ana amri hiyo? Toa ishara yako ya kusimamisha. Edmund anasema umefikiri vema, chukua upanga wangu, mpe kapteni. Upanga huo ndio isale lake. Aliupata kwa kudhulumu, akapigana nao na kaka yake, na sasa ndio kitu pekee alicho nacho cha kupeleka ombi. Kisha Albany anaamuru abebwe atolewe. Unatolewa nje bila kujua kama upanga umefika. Lear anaingia na Cordelia mikononi, amekufa. Baadaye kidogo anakuja mjumbe kusema Edmund amefariki, na Albany anajibu kwamba hilo ni jambo dogo hapa.

Ndiyo maana nasema muongozaji wako amekosea kukutaka ulie. Shakespeare amekunyima kitanda cha kufia mbele ya watu, amekunyima hata nafasi ya kusikia matokeo. Huruma ya mwisho ameihifadhi kwa ajili ya mzee na binti yake, na ukiigombania utaivunja. Magoti nayo huwezi kupiga, una upanga umekuingia mwilini.

Kuna waliojaribu kuutuliza mwisho huu. Mwaka 1681 mwandishi Nahum Tate aliuandika upya mchezo, Cordelia akapona na kuolewa na Edgar, na London ikautazama hivyo kwa zaidi ya miaka 150, mpaka mwigizaji Macready alipolirudisha andiko la Shakespeare mwenyewe mwaka 1838. Nawaelewa waliotaka hivyo. Samuel Johnson, mhakiki na mhariri wa Shakespeare, mwenyewe alikiri kwamba kifo cha Cordelia kilimuumiza mno hata hakutamani kuzisoma tena kurasa zile za mwisho, mpaka alipolazimika kuzihariri. Ila Cordelia akipona, kuchelewa kwa Edmund kunakuwa hakuna uzito wowote.

Jambo moja la kazi, tafadhali litazameni kabla hamjafunga tafsiri yenu. Ile simulizi ya Edgar kuhusu Kent ipo kwenye chapa ya 1608, haipo kwenye ile kubwa ya 1623, mkusanyiko wa tamthilia zake. Waongozaji wengi huikata ili mchezo uende haraka. Mwombe wenu asiikate. Inachosha, najua, na inatakiwa ichoshe. Pimeni kwa saa ya simu tangu unaposema "yamenigusa" mpaka unaposema "tumeni upesi". Muda wote huo usijigaragaze, usigune, usifumbe macho. Msikilize Edgar kama mtoto anavyosikiliza habari za nyumbani alikokatazwa kuingia. Mara moja, moja tu, wakati anataja jina la Kent, fungua mdomo kama unayetaka kumkatiza, halafu ufunge. Upanga uwe umeanguka mbali na wewe kiasi kwamba saa ya kuutoa ikifika lazima utambae ukaushike.

Watazamaji wetu huwa hawakai kimya, na hiyo ni bahati yenu. Niambie siku ya maonyesho nami nitashuka mjini nikae nyuma kabisa karibu na mlango. Sitatazama machozi ya mtu. Nitakuwa nategea kama kuna mama yeyote kwenye viti vya katikati atakayeshindwa kuvumilia, Edgar akiwa bado anasimulia, akakupigia kelele, "Mwambie basi!"